Soma Udongo Kwanza: Mwongozo wa Mkazi wa Dodoma Anayetaka Shamba la Mipaina Milimani

Tangu Serikali ihamie Dodoma, habari za mashamba ya miti zimekuwa nyingi maofisini na kwenye vikoba. Mtu ana kiwanja Iyumbu au Nala, ana akiba kidogo, na dalali amemrushia picha za mteremko wa kijani huko Rungwe pamoja na bei ya ekari. Chini ya picha ameandika: udongo wa volkano, kila kitu kinaota. Kama ujumbe wa namna hiyo umekufikia, usitume hela ya kishika nafasi kabla hujashika sururu. Udongo wa majivu ya volkano ni mali kweli, ila ni mali inayoharibika upesi mikononi mwa mtu asiyeujua. Unalisha mti kwa unyevu na mboji uliojiwekea kwa maelfu ya miaka, na vyote viwili unaweza kuvipoteza katika misimu michache ya kuchoma na kuacha ardhi wazi.

Kazi ianzie hapa hapa mjini. Makao makuu ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, yako Dodoma, na inatoa ramani za jiolojia za nchi nzima. Omba karatasi ya eneo unalouziwa. Ukiona limeandikwa kuwa ni lava, tufu au majivu, uko kwenye njia sahihi. Ukiona graniti au gnaisi, maneno ya dalali kuhusu volkano hayana mashiko. Hilo pekee halilifanyi shamba kuwa baya. Shamba la Miti Sao Hill huko Mufindi, kubwa kuliko yote ya Serikali, limesimama juu ya udongo mwekundu uliotokana na miamba ya kale, na mipaina inakua vizuri kwa sababu mvua ipo. Tatizo ni kulipia sifa ambayo ardhi haina, kisha kuitunza kwa kanuni za udongo mwingine.

Sisi wa uwanda wa kati tunakaa juu ya miamba iliyo mizee kuliko karibu yote nchini, mingine ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Udongo wake umenyeshewa, umepeperushwa na kuchujwa hadi ukabaki kichanga chekundu kwenye miinuko na mfinyanzi mweusi kwenye mbuga. Mlima mkubwa wa volkano ulio karibu nasi ni Hanang, unaopita mita 3,400. Unaufikia kwa barabara ya Kondoa hadi Babati, kisha unakata kushoto kuelekea Katesh. Mbali zaidi kuna Meru, uliotoa majivu kwa mara ya mwisho mwaka 1910, na Kilimanjaro. Kusini kuna safu ya Rungwe, Ngozi na Kyejo mkoani Mbeya. Mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu yapata miaka 4,000 iliyopita, ukafunika nchi kwa mawe mepesi ya pumisi na majivu. Kyejo ulitiririsha lava karibu na mwaka 1800, na kwa umri wa udongo hiyo ni juzi tu.

Kwenye milima hiyo ndiko utakakoona misitu ya miti ya koni juu ya majivu. Ya asili ni mitarakwa na mipodo, hasa pande za kaskazini za Kilimanjaro na Meru zilizo kavu zaidi. Ya kupandwa ni mipaina na misaipresi katika mashamba ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS: West Kilimanjaro, Meru/Usa, Kiwira na Kawetire. Mpaina unaopandwa sana milimani kwetu, ule wenye sindano ndefu zinazoning'inia, asili yake ni milima ya Meksiko. Saipresi pia imetoka Meksiko na Amerika ya Kati, nchi nyingine ya volkano.

Ukifika shambani, chimba shimo la mita moja kwenda chini, pana kiasi cha mtu kuchuchumaa ndani. Chimba mahali ambapo mteremko umetulia, si bondeni wala kileleni, na chagua upande jua linakoangaza ukuta. Usikubali kuonyeshwa udongo wa juu tu uliochotwa kwa jembe, kwa sababu karibu kila msitu una udongo mweusi juu. Safisha ukuta wa shimo kwa kisu, kutoka juu kwenda chini, halafu tulia uutazame.

Juu kabisa kuna zulia la sindano. Zilizoanguka mwaka huu ni za kahawia na bado zina umbo. Chini yake zimeshikana, zina nyuzi nyeupe za kuvu, na zinanuka uyoga. Chini ya zulia unaanza udongo mweusi. Kwenye majivu weusi huu huenda chini sana, mara nyingi sentimita 30 na zaidi, kisha unageuka kahawia au manjano. Halafu tafuta kitu ambacho Dodoma hutakiona: chini ya ule wa manjano unaweza kukuta tena mkanda mweusi. Huo ni udongo wa juu wa zamani. Ulikuwa na majani na mizizi yake, mlima ukalipuka, ukafukiwa, na maisha yakaanza upya juu yake. Katikati ya mikanda hiyo huwapo tabaka la pumisi, vijiwe vyepesi vyenye matundu ambavyo ukivitupa kwenye ndoo ya maji vingi vitaelea. Pima kina cha tabaka hilo na uandike. Likiwa nene na liko karibu na uso, mizizi inaweza kulifikia ikageuka kwenda pembeni, na mti wenye mizizi ya pembeni huangushwa na upepo ukishakuwa mkubwa.

Sasa tumia vidole. Chukua donge la udongo wa kina cha sentimita 40 hivi, likiwa na unyevu wake wa asili, ulifinye kati ya kidole gumba na cha shahada. Mwanzo utahisi kitu kigumu kiasi, kama kichanga laini. Endelea kufinya na kusugua: ghafla linalegea, linateleza, vidole vinalowa. Liachie kidogo na litakaza tena. Udongo wa mfinyanzi haufanyi hivyo; ule unanata na kuvutika. Kulegea kwa ghafla kunatokana na alofani, madini yanayozaliwa majivu yanapooza kwenye unyevu. Chembe zake ni ndogo mno na zina uwazi ndani, na huko ndiko maji yanakojificha. Ndiyo maana udongo huu ukiwa msituni unaweza kubeba maji yanayokaribia uzito wake mwenyewe, na wakati mwingine kuuzidi, ilhali ukiukanyaga unahisi umekauka.

Kipimo cha tatu unaweza kukifanya kwa mizani ya dukani. Tafuta kopo la bati lenye kuta zilizonyooka. Lijaze maji kwa chupa yenye alama ili ujue ujazo wake, tuseme mililita 500, kisha ukate kitako libaki wazi pande zote mbili. Chonga ngazi kwenye ukuta wa shimo, kina cha sentimita 30 hadi 50, kisha lisukume kopo humo kwa kuweka kibao juu yake na kugonga taratibu hadi lijae bila udongo kushindiliwa. Chimbua pembeni, kata ncha zote kwa kisu, toa udongo wote uuanike juani hadi uzito wake uache kupungua. Kopo la mililita 500 likitoa udongo mkavu usiofika gramu 450, yaani chini ya gramu 0.9 kwa kila mililita, dalili ya majivu ni kubwa. Kichanga cha kwetu katika kopo hilohilo kitakupa gramu 700 au zaidi. Usichukue udongo wa juu wenye mboji nyingi, maana nao ni mwepesi hata pasipo volkano.

Uthibitisho kamili hutolewa na maabara. Ukiwa Rungwe, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole kiko njiani. Maabara nyingine za udongo zipo TARI Mlingano, Tanga, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Omba wapime uchachu, mboji, fosforasi inayopatikana kwa mmea, na hasa uwezo wa udongo kushikilia fosforasi. Katika uainishaji wa kimataifa, udongo wa majivu uliokomaa hushikilia asilimia 85 au zaidi ya fosforasi unayoutilia. Kuna pia kipimo cha floridi ya sodiamu, ambapo pH ikipanda hadi 9.5 au zaidi alofani inahisiwa. Kemikali hiyo ni sumu, usiinunue ukaichezea nyumbani. Na peleka sampuli mbichi, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Udongo mwingine wote tumezoea kuuanika kwanza. Huu ukikauka kabisa hubadilika kwa kudumu, na majibu utakayopewa yatakuwa ya udongo ambao hauko tena shambani kwako.

Hapo pa kukauka ndipo ninapokuomba uwe mkali. Alofani ikishakaushwa na jua kali, chembe zake hushikana na hazirudi zilivyokuwa hata mvua inyeshe wiki nzima. Udongo uliokuwa ukiteleza vidoleni unakuwa vumbi jepesi, maji yanadondoka juu yake na kubingirika, na upepo wa Agosti unaubeba. Moto unafanya jambo lilelile kwa saa moja. Vijana wa kazi watakuambia kuchoma ni rahisi na kunaua magugu, na kweli ni rahisi. Wakatalie. Mabaki ya ukataji yapangwe kwa mistari inayokatisha mteremko, yaoze yenyewe. Miche ipandwe kwenye vijishimo katikati ya mistari, na nyasi zifyekwe kwa mduara kuzunguka mche tu. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 unapata miche 1,111 kwa hekta, karibu 450 kwa ekari, na hakuna sababu ya kulima ekari nzima kwa ajili ya mashimo 450. Barabara za moto ni suala jingine: hizo zisafishwe kila mwaka kabla ya Agosti, kwa sababu moto wa jirani hauombi ruhusa.

Katika mashamba ya West Kilimanjaro na Meru/Usa utaona kilimo cha taungya: wanavijiji hulima mahindi, maharage au viazi katikati ya miche kwa miaka ya mwanzo, nao huitunza miche hiyo. Ni utaratibu mzuri kwa chakula na kwa ulinzi, kwa kuwa mtu mwenye maharage shambani hataruhusu moto upite. Ukiuiga, chagua maharage badala ya viazi kwenye mteremko mkali. Viazi vinadai udongo ugeuzwe mara mbili, wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna, na kila mgeuzo unaanika udongo wa chini.

Fosforasi inahitaji maelezo marefu kidogo, kwani hapo ndipo pesa za wengi zinapotelea. Udongo wa majivu unaweza kuwa na fosforasi nyingi ndani yake na bado mti ukaikosa, kwa sababu alofani na aluminiamu vimeikamata. Ukimwaga mbolea juu ya ardhi, nayo inakamatwa vilevile. Kama majibu ya maabara yanaonyesha upungufu, weka mbolea kidogo ndani ya shimo, karibu na mizizi ya mche, mara moja. Mbolea ya Minjingu, inayochimbwa mkoani Manyara, inafaa kwenye udongo mchachu kwa sababu uchachu ndio unaoiyeyusha polepole. Mfuko huohuo ukiuleta kwenye mbuga yenye chumvi na chokaa hapa Bahi, utakaa ardhini kama mchanga.

Fundi hasa wa kuifungua fosforasi ni kuvu anayeishi kwenye mizizi ya mpaina. Nyuzi zake huenea mbali kuliko mizizi yenyewe, huchota fosforasi na maji, nao mti humlipa sukari. Mpaina ulipoletwa Afrika Mashariki haukukuta kuvu wake hapa. Miche ilidumaa na kuwa ya manjano hadi udongo wenye kuvu ulipoletwa vitaluni. Mpaka leo mtunza kitalu mzuri huchota udongo kidogo chini ya mipaina mikubwa iliyostawi na kuuchanganya na ule wa viriba. Ukinunua miche, chomoa mmoja na uchunguze mizizi. Unatafuta ncha fupi fupi zilizogawanyika mfano wa panda ya manati, zenye utando mweupe au wa kahawia. Kama mizizi ni mitupu, mwombe mwenye kitalu akuonyeshe alikochota udongo wake. Saipresi, mtarakwa na mpodo hutumia kuvu wa aina nyingine waliokuwapo hapa tangu zamani, hivyo miti hiyo haina shida hiyo.

Usilete udongo wenye kuvu hovyo kutoka mkoa hadi mkoa. Kiriba kinasafiri na wadudu na magonjwa, na kuvu wa karibu anatosha.

Kuhusu mteremko, kumbuka yaliyotokea Katesh tarehe 3 Desemba 2023. Mvua kubwa ilinyesha, sehemu ya Mlima Hanang ikalowa ikamomonyoka, na tope likashuka likibeba mawe na magogo hadi mjini na vijijini. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Miamba na majivu ya volkano yaliyooza hubeba maji mengi kwa muda mrefu bila kuonyesha dalili, halafu hushuka kwa pamoja. Kwa hiyo kabla ya kununua, tembea juu ya shamba unalouziwa, si ndani yake tu. Tafuta nyufa, miti iliyoinama kwa mkupuo mmoja, na makorongo yenye mawe mapya. Mkute mtu mzima wa hapo, umsalimie kama inavyostahili, uketi: "Shikamoo mzee. Korongo hili hujaa mwezi gani? Na liliwahi kuhama?" Mkazi wa miaka mingi anakumbuka njia za maji ambazo hazimo kwenye ramani yoyote.

Sehemu zenye mteremko wa kutisha na kingo za makorongo ziache na miti yake ya asili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji, na mipaina isifike huko. Ukifika wakati wa kuvuna, usikate mteremko mzima kwa mara moja. Mizizi huanza kuoza baada ya mti kukatwa, na mshiko wake unalegea miaka michache baadaye, wakati miche mipya bado haijaweza kushika kitu. Kata kwa vitalu, acha mikanda katikati. Hata magogo yaburutwe kwa njia chache zilizopangwa, maana trekta likipita kila mahali udongo huu laini unafinyangika na kuziba.

Kwa hati, hakikisha ardhi ya kijiji imepitia halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inavyotaka. Muhtasari wa mkutano uuone kwa macho yako.

Unarudi Dodoma ukiwa na moyo wa kupanda. Je, upande mipaina kwenye kiwanja chako? Hapana. Mvua ya Dodoma ni wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, halafu miezi saba ya ukame. Udongo wa majivu ungeweza kubeba unyevu kuvuka sehemu ya ukame huo. Kichanga chetu hakiwezi, na juu yake mvua ya kwanza hutengeneza utando mgumu unaofanya maji yatiririke badala ya kuzama. Ukiona misaipresi imesimama wima kwenye bustani ya ofisi, ujue kuna mtu anayeimwagilia kila jioni.

Ardhi ya hapa ina njia yake, na imeshajaribiwa. Kondoa, ambako mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, mifugo iliondolewa mwaka 1979 katika eneo lililomomonyoka vibaya, na nyasi na vichaka vikarudi penye makorongo matupu. Mizizi ilikuwa hai chini muda wote. Kisiki Hai, mpango ambao taasisi ya LEAD Foundation ilianza kuueneza vijijini mwaka 2018 pamoja na Justdiggit, unatumia ukweli huohuo. Shambani kwako kuna visiki vya migunga na miti mingine vinavyochipua kila mvua na kufyekwa kila msimu wa kulima. Safari hii usivifyeke. Kwenye kila kisiki chagua chipukizi mbili au tatu zilizonyooka na nene, pogoa zilizobaki kwa panga kali kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike, na uondoe matawi ya chini hadi nusu ya urefu. Matawi uliyokata yalaze kuzunguka shina yazuie mbuzi na yashike maji. Funga kitambaa cha rangi kwenye shina ili wachungaji na wakulima wajue linatunzwa. Mapema mwezi wa Novemba, kabla ya mvua, inua upande wa chini wa kila shina tuta la nusu mwezi, mdomo wake ukitazama maji yanakotoka.